Nachapwa na mtoto wa darasa la sita kwenye Tekken, nisaidieni mbinu

AntiRasta (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Wakubwa wote shikamoo.

Nina saluni Chang'ombe, Dodoma (Chang'ombe yetu, si ile ya Temeke), na nimepakana ukuta na banda la gemu. Mwanzo nilikuwa naugonga ule ukuta wapunguze kelele. Siku hizi mteja akinipigia kwamba yuko njiani, na mimi najua hiyo "niko njiani" yake maana yake bado anaoga, navuka kizingiti na mia tano yangu mkononi.

Banda lina TV tatu. Mbili ni za mpira, huko siendi, wale kaka wanadaiana mpaka wanakunjana mashati. Ya tatu iko kona karibu na ndoo ya maji, ina PS3 ya kizamani na lile gemu la ngumi, Tekken 6, na hapo ndipo ninapodhalilika. Utaratibu ni kwamba mshindi anabaki na pedi, aliyepigwa anampisha mwingine, akitaka kurudi analipa tena. Kwa hiyo mia tano ya anayejua inakaa nusu saa. Yangu haimalizi hata wimbo mmoja redioni.

Anayenimaliza ni dogo mmoja wa darasa la sita. Anakaa amekunja goti juu ya benchi, shati la shule limetoka nje, mdomo wazi, pedi ameilaza pajani. Anamchukua Eddy, yule Mbrazili wa kapoera. Kidole gumba kinakwenda iksi, duara, iksi, duara, hakipumziki. Pedi haiangalii, na mara nyingine hata TV haiangalii, anawasimulia wenzake habari za mwalimu! Mimi huku nimekodoa macho, nimeing'ang'ania pedi mpaka vidole vinauma, nabonyeza kila kilichopo. Nikisimama napigwa miguuni. Nikiinama napigwa usoni. Nikirushwa juu naendelea kupigwa huko huko hewani, nikitua napigwa nikiwa chini. Halafu ananiambia, "Pole Anti, mwingine aje." Tena kwa adabu zote, shikamoo ameshanipa mlangoni.

Mhusika wangu ni Lili. Nimemchagua kwa ajili ya nywele, sitaki kuwadanganya.

Sasa naomba kujua. Nina miaka 37, je, ni kweli macho na vidole vimeshapitwa na wakati na hili ni jambo la watoto? Nimwache Lili nichukue huyo huyo Eddy? Kuna mteja wangu kaniambia nikariri kombo, yaani mapigo ya kufululiza, akanitumia picha ya orodha imejaa mishale mitupu, nikaitazama nikaifunga. Na swali la pembeni: kwenye simu nina God of War, ile ya PSP, nako nakufa hovyo kila nikikutana na jitu kubwa. Dawa yake ni hiyo hiyo au ni somo jingine?

Msinicheke sana. Vidole hivi vinasuka rasta ndogo ndogo kichwa kizima, haviwezi kushindwa na kidude cha plastiki.

KipaNambaMoja

Darasa la sita, tena haangalii TV. Dada hamia huku kwenye mpira, ukifungwa unafungwa na watu wenye vitambulisho vya NIDA.

FundiPedi_Majengo

Dada AntiRasta, achana na Kipa, huyo kila mwezi anavunja stiki akifungwa.

Mimi natengeneza pedi, nina meza yangu Majengo, na mabanda mengi ya hapa mjini pedi zao zinapita mikononi mwangu. Nikuambie nilichokiona mezani, maana pedi haisemi uongo.

Pedi ikija natoa skrubu, nafungua kava, kitu cha kwanza naangalia raba. Chini ya kila batani kuna raba yenye kidoti cheusi cha kaboni, ndicho kinachokwenda kugusa karatasi ya saketi. Pedi ya banda lenye akina Eddy, kidoti cha iksi na cha duara kimelika mpaka kimekuwa kijivu kinachong'aa, na raba yenyewe imechanika pembeni. Ukigeuza upande wa kushoto, kwenye mishale, raba iko kama ilivyotoka kiwandani. Vumbi letu hili la kiangazi limejaa humo ndani, lakini raba nzima. Halafu kuna pedi chache zinazokuja zimekufa kinyume. Batani zote zinafanya kazi, mishale ndiyo imekwisha, hasa wa nyuma na wa chini. Nikiona pedi ya namna hiyo huwa namuuliza mwenye banda nani anaichezea. Hutajwa yule yule ambaye mtaa mzima hakuna anayemuweza.

Jibu langu lote ni hilo. Gemu la ngumi linachezwa na mkono wa kushoto. Wa kulia unaitwa tu kukiwa na kazi.

Tuanze na kukinga, maana ulivyoeleza unaonekana hukingi kabisa. Kwenye Tekken hakuna batani ya kinga. Unashikilia mshale wa nyuma, basi. Mapigo yako ya ngazi tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Ukisimama umeshika nyuma unazuia ya juu na ya kati. Ukiinama umeshika chini-nyuma unazuia ya chini, ya juu yanapita juu ya kichwa, lakini ya kati yanakutwanga vilevile. Ndiyo maana ukiinama unapigwa usoni, unadhani umejificha kumbe umejipeleka. Sasa sikiliza hapa: kwa sehemu kubwa mapigo ya chini ni mepesi, na yale ya kukurusha hewani mengi ni ya kati. Kwa hiyo makazi yako ni kusimama. Kubali vijiteke vya miguuni, damu inayotoka ni ndogo. Inama pale tu ambapo umeshajua kwamba baada ya hili linakuja la chini.

Hapo ndipo swali lako la umri linapojibika. Gemu hili linakwenda kwa picha 60 kila sekunde, na kila picha wachezaji wanaiita fremu. Ngumi ya batani ya boksi, kwa wahusika walio wengi, inatoka kwa fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Binadamu kuona kitu mpaka kidole kibonyeze, inapita kama sehemu moja ya tano ya sekunde, na mara nyingi zaidi. Awe na miaka 12 au 37, ile ngumi haiwahi. Dogo hakushindi kwa macho. Anakushinda kwa sababu wewe unabonyeza wakati wa kukinga, na pigo lako likikutana na lake lililoanza mapema, lake ndilo linalofika.

Sasa Eddy. Iksi na duara ukizichanganya hovyo kwa Eddy zinatoa mateke yaliyoungana, ndiyo maana watoto wanampenda, ukibahatisha unaonekana fundi. Lakini kila mlolongo una mwisho. Shika nyuma, subiri, utaona anafika mahali amesimama kwa mikono au amejilaza chini. Hapo ndipo pa kumpiga, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kurusha ngumi za boksi. Zile ni za juu, na mtu aliyelala zinampitia hewani. Fungua orodha ya Lili, tafuta pigo la mshale wa chini-mbele pamoja na batani moja, mengi ya namna hiyo ni ya kati. Moja tu linatosha. Kinga, subiri amalize, piga hilo, rudi kwenye kinga.

Eddy mwenyewe mchukue, lakini wa kujifunzia. Kaa naye kwenye sehemu ya mazoezi ubonyeze iksi duara taratibu, uone lipi linakwenda miguuni na mlolongo unakatikia wapi. Ukishalijua teke lake la chini linakuja baada ya lipi, hutaliogopa tena.

Lili usimwache. Yule binti wa Monaco ana ukwepaji mzuri wa pembeni kuliko wengi. Gusa mshale wa juu au wa chini mara moja uachie, anajongea kando, na teke la moja kwa moja linapita. Gusa tu. Ukishikilia juu ataruka, na kuruka kwenye Tekken ni kuomba kupigwa.

Ukisharushwa hewani, tulia. Hakuna batani itakayokushusha mapema. Watu wanafinya pedi utadhani wanakamua nguo, wananiletea mimi hela tu. Subiri unagusa ardhi, bonyeza batani moja ubiringike, shika nyuma.

Mazoezi nenda asubuhi. Watoto wako shule, ile TV ya kona imelala, mwenye banda umeme wa LUKU anao lakini mteja hana. Ongea naye akufanyie bei ya saa badala ya bei ya mchezo. Na ukicheza usitazame mtu wako, mtazame wa mwenzako. Ukisuka macho yako yako kwenye kichwa cha mteja, vidole vinajua njia vyenyewe. Pedi nayo utaifikisha hapo.

ZabibuKali

Dada AntiRasta, mimi niko UDOM, chuo kikuu cha hapa Dodoma, na kwa heshima zote kwa Fundi, nakubaliana naye nusu.

Kukinga bila kuadhibu ni kusubiri kufa kwa utaratibu. Umekinga mlolongo mzima wa Eddy, umempiga pigo moja la kati, damu imepungua kidogo. Yeye akikupata mara moja anaondoka na theluthi ya damu yako. Hesabu hiyo haikubaliki. Kwa hiyo kombo unaihitaji, ila moja tu. Orodha ya mteja wako itupe. Tafuta pigo moja la Lili linalomrusha mtu hewani, halafu mapigo matatu mepesi ya kumpiga akiwa huko. Tekken 6 ndiyo iliyoleta yale mapigo yanayombamiza mtu chini katikati ya kombo, akadunda, ukaendelea naye. Hilo liache mpaka hayo matatu yatoke bila kufikiri. Kombo fupi isiyokosea inaua kuliko ndefu inayodondoka katikati.

Kitu kingine ambacho hukusema kama umekiona: damu ikibaki kidogo mwili wa mtu unawaka wekundu. Akiwa hivyo mapigo yake yanaongezeka uzito. Watu wengi wanapoteza hapo, wanaona dogo amebaki na kijidamu wanamrukia kummaliza, anawageuzia kibao kwa teke moja. Akiwaka, ndipo uzidi kukinga.

Simu yako usiidharau. Tekken 6 hiyo hiyo ilitoka pia kwa PSP mwaka 2009, na kwa kuwa God of War ya PSP unaicheza, basi PPSSPP, ile programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, unayo na unaijua. Wahusika ni wale wale, mapigo ni yale yale, sehemu ya mazoezi ipo, na bando haihitajiki. Ubaya wake ni kwamba kwenye kioo kidole gumba hakina kitu cha kushika, mshale wa chini-mbele unakutoka chini tupu. Tafuta pedi ya bluetooth au ya waya unayochomeka kwenye simu. Kama hela haipo, tumia simu kukariri milolongo ya Eddy tu, vidole vitafundishwa bandani.

Kuhusu umri na mahali tulipo, huwa nawaambia wenzangu hosteli habari za Arslan Ash. Ni kijana wa Lahore, Pakistani. Mwaka 2019 alikwenda Japani akabeba ubingwa wa EVO Japan, mashindano makubwa ya gemu za ngumi, kwa Tekken 7 pale Fukuoka, na mwaka huo huo akaenda Las Vegas akabeba EVO yenyewe. Wakorea na Wajapani ndio waliokuwa wakijulikana kwa mchezo huu, Pakistani haikuwa kwenye midomo ya watu. Yeye akasema kwao kuna wengine wengi wakali, na Knee, gwiji wa Korea, akafunga safari mpaka Pakistani kwenda kucheza nao. Walifikaje hapo? Walikuwa wanacheza bega kwa bega kwenye mabanda, kila siku, na watu wale wale wanaowajua udhaifu wao. Hicho unacho hapo ukutani kwako. Mimi nikicheza kwa mtandao kutoka hapa, picha inaganda, ninachobonyeza kinatokea baadaye, na sijifunzi lolote zaidi ya hasira.

God of War: dawa ni ile ile kwa sehemu. Kinga ni L. Ukiibonyeza sekunde ile ile pigo linapofika, Kratos analirudisha na wewe unapata nafasi. L na R pamoja ukielekeza upande ni kubiringika. Majitu makubwa usiangalie silaha yao, angalia bega. Kila pigo zito lina kujivuta nyuma kabla halijaja, na baada ya kuja lina kupumua. Piga kwenye kupumua, mara mbili au tatu, toka. Tofauti na dogo wako ni kwamba jitu halijifunzi. Litakupiga vilevile leo na mwakani, kwa hiyo huko kukariri kunalipa kabisa.

FundiPedi_Majengo

Kombo moja nakubali. Ila zifuatane kama nilivyosema, kinga kwanza. Vijana wa UDOM wananiletea pedi zimekufa pembetatu kwa sababu ya kombo za YouTube, halafu kwenye mechi hawapati nafasi ya kuianza.

ZabibuKali

Fundi, yangu niliyokuletea ilikufa stiki, si pembetatu.

ChogoLaSingida

Nawasoma kutoka Singida. Mimi nimeanzia Tekken 3 kwenye TV ya chogo, na nina swali ambalo hamjamuuliza dada: hiyo TV ya kona ni ya aina gani?

Nauliza kwa sababu TV bapa nyingi zinaichakata picha kwanza kabla ya kuionyesha, wanaita kuipendezesha. Kwenye tamthilia hutagundua. Kwenye Tekken unabonyeza sasa, kinatokea muda si mrefu baadaye, na fremu zako 10 alizotaja Fundi zimeshaliwa na TV. Zile za chogo hazikuwa na ugonjwa huo, ndiyo maana wazee wa zamani tunazililia. Kwenye TV bapa, ingia mipangilio ya picha, tafuta hali ya gemu, iwashe. Kama haipo, zima kila kinachodai kuboresha picha. Rangi zitapauka kidogo, zivumilie.

Dogo naye anacheza kwenye TV hiyo hiyo, utaniambia. Ndiyo, lakini yeye habonyezi kwa kuangalia, umesema mwenyewe. Ucheleweshaji unamuumiza anayejaribu kukinga kwa macho, yaani wewe.

AntiRasta

Wadau nimerudi, na asanteni, kumbe humu kuna watu wenye huruma. Kipa, wewe sikuhesabu.

Nimekwenda asubuhi kama Fundi alivyosema. Mwenye banda alicheka kwanza, kisha akanipa bei ya saa kwa sababu kweli alikuwa amekaa peke yake anakunywa chai na vitumbua. Nikamchukua Eddy, nikabonyeza taratibu. Wadau, yule Eddy ni muongo! Mateke yanayonitisha, yale ya kuzunguka na miguu juu, mengi ukishika nyuma yanagonga kinga tu. Ninaloliwa nalo ni lile la kufagia miguu, na nimeona sasa linatoka akiwa ameshajilaza. Akilala, mimi nainama, likigonga kinga nainuka na teke. Hali ya gemu kwenye TV ipo, ila rimoti ilishapotea, tukabonyeza batani za nyuma ya TV mwenye banda akiwa ameshika kioo cha saluni yangu tuone tunachobonyeza. Mzee wa Singida, tofauti ipo. Picha imekuwa mbaya na mimi nimekuwa mzuri.

Jioni dogo akaja. Raundi ya kwanza nimekaa tu nimeshika nyuma, namwona anachezacheza, kidole kinakwenda vile vile. Alipojilaza nikamchapa la kati. Akajilaza tena, nikamchapa tena. Akanyamaza habari za mwalimu. Akakaa vizuri kwenye benchi, miguu yote chini, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaangalia TV. Raundi ile nikachukua mimi, banda zima wakapiga kelele mpaka mteja wangu akatoka saluni na kofia ya draya kichwani kuja kuangalia.

Zilizofuata akanipiga. Amegundua nakinga tu, basi anasogea karibu ananikamata na kunitupa. Nashika nyuma, ananitupa. Nashika nyuma zaidi, ananitupa. Hili la kukamatwa hamkuniambia!

Fundi, na hiyo pedi ya pale mshale wa chini haushiki vizuri, nikiinama mara Lili anainuka mwenyewe. Mwenye banda anasema ni mimi.

FundiPedi_Majengo

Hongera sana, na hongera zaidi kwa kumfanya ashushe mguu kwenye benchi.

Kukamatwa ndiyo dawa yao dhidi ya mtu anayekinga, lazima angefika hapo. Kuna njia mbili. Mtu anayekukamata ukiwa umesimama, mikono yake inakwenda juu, kwa hiyo ukiinama anakamata hewa na wewe unainuka naye. Lakini ukiinama kila mara atakurudishia la kati, unanielewa mzunguko unavyokwenda. Njia ya pili ni kujinasua: mikono ikikugusa, tazama upi umetangulia. Wa kushoto, bonyeza boksi. Wa kulia, pembetatu. Ikija yote miwili, boksi na pembetatu pamoja. Muda wake ni mfupi, mwanzo bahatisha pembetatu tu, utapona mara kadhaa. Na huko nako usimwachie asogee bure. Mtu anayekuja kukukamata anatembea mikono mitupu, ngumi mbili za boksi-pembetatu zinamsimamisha. Kwa mtu aliyesimama hizo zinafika, ni kwa aliyelala tu ndiyo nilikukataza.

Pedi si wewe. Mwambie mwenye banda kwamba ni raba ya mshale, au vumbi limekaa kwenye kidoti chake, mara nyingi kusafisha kwa spiriti kunatosha. Ninayo mezani raba za PS3, hazizidi bei ya soda chache. Aje nayo siku yoyote isipokuwa Jumapili, Jumapili niko Hombolo kwenye zabibu. Na kabla hajaja mwambie aikung'ute. Mara ya mwisho pedi ya banda lenu niliyofungua nilitoa nyuzi za rasta ndani yake, rangi ya zambarau, nikawa najiuliza zimetoka wapi.

AntiRasta

Hahaha! Zambarau ni za mteja wa sherehe ya kipaimara. Mwenye banda namleta na pedi Jumatatu.

KipaNambaMoja

Samahani wakuu, mimi kimya kimya nimejaribu Mortal Kombat kwa shemeji. Nashika nyuma kama Fundi alivyosema, mtu wangu anarudi nyuma tu na kipigo kinampata vilevile. Imekuwaje?

ZabibuKali

Mortal Kombat kinga ina batani yake, kwa PlayStation ni R2. Mshale wa nyuma huko ni wa kutembea. Mengine fungua uzi wako, huu ni wa Anti.